Je, Malimwengu Mengi Yanatosha Kuwa Jibu? (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia kwa Fred Hoyle, aliyebashiri mwaka 1953 kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na ngazi maalumu ya nishati, la sivyo nyota zisingeweza kuunda kaboni ya kutosha. Wanafizikia wa Caltech wakaitafuta, wakaikuta. Leo tuwasikilize wasemao kwamba hapo hapana ajabu: malimwengu ni mengi mno, kila moja lina vipimo vyake, nasi tusingeweza kujikuta ila katika lile linaloruhusu uhai.

Hoja hii isidharauliwe. Nishati ya ombwe, yaani ile iliyomo angani hata pasipo kitu, kwa makadirio ya kinadharia ingekuwa kubwa mara zisizosemeka kuliko ilivyo. Wengi hutaja moja yenye sufuri 120 mbele yake. Mwaka 1987 Steven Weinberg aliuliza: ikizidi kiasi gani, itaitawanya maada kabla uvutano haujaikusanya kuwa galaksi? Akapata ukomo, na akaona hakuna sababu ya nishati hiyo kuwa sufuri kabisa. Mwaka 1998 timu mbili zilizopima supanova za mbali zikagundua kuwa ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka. Nishati ipo, ndogo, ndani ya ukomo wa Weinberg (uliokuwa mpana, tukubali).

Mwaka huohuo wa 1987 mwanafalsafa Ian Hacking alikitia kitumbua mchanga. Mtu anaingia chumbani, anakuta dadu mbili zimetua sita kwa sita, anasema: hawa wamerusha usiku kucha! Kakosea; mirusho iliyopita hairahisishi huu mmoja. Hacking alilenga malimwengu yanayofuatana tu. Roger White ndiye aliyeipanua hoja, mwaka 2000, hadi yale yaliyopo pamoja. Wapinzani hujibu kuwa sisi, tofauti na mgeni yule, tusingeingia chumbani kabla sita hazijatua. Mimi naona jibu hilo lina uzito.

Kinachonisumbua ni hesabu. Mfumuko usiokoma wa wanafizikia Vilenkin na Linde, yaani anga kufura kwa kasi bila mwisho, huzaa malimwengu yasiyo na idadi. Yenye galaksi hayana mwisho, yasiyo nazo vilevile. Basi yapi ni mengi zaidi? Ukibadili utaratibu wa kuhesabu, jibu linabadilika, na wanafizikia hawajakubaliana utaratibu upi ni sahihi. Hadi wakubaliane, kusema kwamba ulimwengu kama wetu ni wa kutarajiwa ni kutaja sehemu ya jumla ambayo haijawahi kupigwa.

Itaendelea.