Mgonjwa akitoka upasuaji, msimwache alale tu

WATU wengi wanapokwenda kumtazama mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji humshauri alale kimya asije akakiumiza kidonda. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unaweza kuyadhuru mapafu yake.

Mapafu yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na humo ndimo oksijeni huingia katika damu. Mtu anapopewa dawa ya nusukaputi akiwa amelala chali, misuli ya kupumulia hulegea. Kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo husukumwa juu na kuyabana mapafu. Baadhi ya vifuko, hasa vya upande wa mgongoni, hunywea.

Wataalamu wa Uswidi, ambao tangu miaka ya 1980 wamechunguza hali hii kwa picha za kompyuta, waligundua kwamba huwapata takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wanaopewa nusukaputi. Kwa wengi sehemu hiyo ni ndogo, na hufunguka yenyewe katika muda wa siku moja hivi.

Walio hatarini zaidi ni wavutaji sigara, watu wanene, na waliopasuliwa kifua au sehemu ya juu ya tumbo. Maumivu huwafanya wapumue juujuu na kuogopa kukohoa. Makohozi hukwama, viini huzaana, na nimonia hufuata.

Katika chumba cha upasuaji, daktari wa nusukaputi hutumia mashine kusukuma hewa ili vifuko visifunge. Baadaye, kazi kubwa ni ya mgonjwa na jamaa zake.

Je, wafanye nini?

• Sigara iachwe mapema, ikiwezekana wiki 4 au zaidi kabla ya upasuaji.

• Mgonjwa akizinduka, asaidiwe kuketi. Avute pumzi ndefu, aizuie kidogo, kisha aitoe polepole. Arudie mara 10 hivi kila saa akiwa macho.

• Anapokohoa, akumbatie mto na kuubana juu ya kidonda.

• Asivumilie maumivu kimya. Aombe dawa ya kuyatuliza.

• Atembee mara tu daktari anapomruhusu.

Akianza kuhema, kifua kikimchoma, au midomo na ulimi vikigeuka rangi ya samawati, mwiteni muuguzi mara moja. Msingoje hadi daktari apite asubuhi.