Pokémon: Sita Wako Wawe Zizi, Sio Mafahali Watupu

Juzi nilikuwa kafe moja pale Katesh nasubiri fomu zangu ziprintiwe. Kompyuta ya pembeni yangu kuna dogo kavaa sweta limepanda mpaka kidevuni (si mnajua upepo wa mlima Hanang asubuhi) anacheza Pokémon FireRed. Kamaliza jimu zote nane, kafika kwa wale wababe wanne wa mwisho. Nikachungulia timu yake. Charizard levo 58! Halafu wengine watano... hakuna hata mmoja aliyefika levo 20. Wamekaa tu kama abiria.

Basi akaingia kwa Lorelei, yule dada wa kwanza. Lorelei ana Pokémon watano, na wanne kati yao ni wa maji. Charizard ni wa moto. Mnajua kilichotokea. Akarudia, akapigwa. Akarudia tena, akapigwa. Muda ukaisha, mhudumu akamwambia ongeza hela, dogo hana. Katoka kichwa chini.

Roho iliniuma wadau, maana na mimi enzi zangu nilifanya ujinga huohuo. Hela ya kafe huku kwetu sio mchezo. Kuna watu wamechambua vitunguu saumu vya watu kule Mbulu siku nzima ndio wakapata hiyo saa moja. Kwa hiyo leo naeleza jinsi ya kuchagua wale sita, kwa wanaocheza FireRed au LeafGreen, zile za mwaka 2004, ambazo ndizo ninazoziona zaidi kwenye mashine zetu.

Kwanza tuelewane hesabu. Kila Pokémon ana asili yake: moto, maji, majani, umeme, mwamba, ardhi na kadhalika. Asili za kwenye gemu hizi ni 17 (ya 18 iliongezwa mwaka 2013, haituhusu). Ukipiga asili inayoonewa, pigo linazidishwa mara 2. Ukipiga inayostahimili, linakatwa nusu. Na wengi wana asili mbili kwa pamoja, hapo ndipo utamu ulipo. Chukua Onix wa Brock, jimu ya kwanza kabisa. Ni mwamba na ardhi. Maji yanaonea mwamba, yanaonea na ardhi, kwa hiyo mara 2 mara 2, pigo moja linakuwa nne. Majani hivyohivyo. Ndio maana aliyeanza na Squirtle au Bulbasaur anapita pale anapiga mluzi, na aliyeanza na Charmander anatoka jasho. Halafu Pokémon akitumia pigo la asili yake mwenyewe anaongezewa nusu tena juu. Hesabu hizo zinaamua mapambano kuliko levo. Pokémon wa levo 40 mwenye asili sahihi anaweza kumlaza wa levo 50.

Sasa twende Basotu. Mzee wa Kibarbaig au wa Kiiraqw mwenye zizi lake, umeshawahi kuona kafuga madume matupu? Hakuna. Ana ng'ombe wa maziwa, ana maksai wa kuvuta plau, ana mbuzi wa kuuza haraka mnadani mtoto akidaiwa ada, ana punda wa kubeba maji na magunia, ana mbwa. Ukimwambia auze punda aongeze dume la tatu kwa sababu dume linapendeza, atakuangalia mara mbili. Sisi kwenye gemu ndio tunafanya hivyohivyo, tunajaza wanaopendeza.

Swali la kujiuliza kabla ya kumweka Pokémon kwenye timu sio "ana nguvu?" Jiulize: watano nilionao wanashindwa na nani, na huyu atamweza? Kama una Charizard, wanaomsumbua ni maji, umeme, na zaidi ya wote mwamba (huo unampata mara nne, kwa sababu yeye ni moto na pia anaruka). Basi wa pili lazima awe mtu wa kuwaondoa hao. Wa tatu azibe pengo la wa pili. Unaendelea hivyo mpaka sita waishe. Ukiona una wawili wa moto, mmoja ni abiria.

Gemu yenyewe inakusaidia ukiwa makini, dawa ya bosi mara nyingi iko jirani yake. Kabla ya Brock, kuna Mankey kwenye njia ya 22 magharibi ya mji wa Viridian, ngumi zake zinavunja mwamba, huyo ni mkombozi wa watu wa Charmander. Kabla ya Misty na Starmie wake wa levo 21, kuna Oddish njia ya 24 (wenye LeafGreen mtamkuta Bellsprout). Na Luteni Surge wa umeme, karibu na mji wake kuna pango la Diglett. Diglett ni wa ardhi, umeme haumgusi kabisa, yaani sifuri!

Haya, suala la punda. Kuna mbinu za njiani: kukata miti, kuogelea, kuruka mji kwa mji, kusukuma mawe. Ziko saba, na ukishamfundisha Pokémon huwezi kumfuta kirahisi mpaka ufike kwa yule mzee wa mji wa Fuchsia. Pokémon mmoja ana nafasi nne tu za mapigo. Nimeona watu wamemfundisha Charizard wao kukata miti! Jamani! Tafuta punda, Pidgey au Spearow wa kuruka, mweke kwenye boksi, mtoe ukiwa na safari. Kwenye pambano anabaki nyumbani.

Jambo lingine ambalo hata wakongwe linawapita: kwenye gemu hizi, asili ya pigo ndiyo inayoamua linatumia nguvu za mwili au nguvu maalumu. Maji, moto, majani, umeme, barafu, akili, joka na giza hutumia nguvu maalumu. Zilizobaki zote ni mwili. Sasa mwangalie Gyarados. Nguvu za mwili 125, nguvu maalumu 60. Na ni wa maji! Ukimpa Surf unamwonea, ni kama kumfunga mbuzi kwenye plau. Mpango huo ulibadilishwa mwaka 2006 kwenye Diamond na Pearl, kwa hiyo ushauri wa mtu anayecheza za baadaye usiubebe mzimamzima.

Na tusijidanganye kuhusu kubadilishana. Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter wanafika hatua ya mwisho kwa kubadilishana na mchezaji mwingine tu. Wewe uko peke yako Dongobesh au Haydom, kompyuta haijaunganishwa na ya mtu. Usijenge timu kwa kumngojea Alakazam. Ila Kadabra mwenyewe anatosha, nguvu maalumu 120, mchukue hivyohivyo.

Timu niliyomalizia mimi: Venusaur, Dugtrio, Kadabra, Jolteon, Snorlax na Lapras. Lapras unapewa bure ndani ya jengo la Silph, na anajifunza Ice Beam mwenyewe. Ukifika kwa Lance, Dragonite wake wa levo 60 ni joka na anaruka, barafu inampata mara nne. Niliona raha siku ile mpaka jirani akaniuliza kuna nini. Wa moto sikuwa naye, sikumhitaji. Na Snorlax nakiri nilimweka kwa mapenzi zaidi kuliko hesabu... mmoja wa hivyo zizi linamvumilia.

Kama hela ya muda ni ndogo, usilazimishe sita. Wanne waliozibana mapengo, wenye levo zinazokaribiana, wanakufikisha. Na usevu kwenye fleshi yako! Mimi nilishawahi kupoteza saa 11 za kazi kwa sababu kafe moja walisafisha mashine usiku.

Dogo wa sweta, kama unapita hapa: shuka Celadon. Kwenye lile jengo la ghorofa, ingia kwa mlango wa nyuma, juu kabisa kuna Eevee wa bure. Jiwe la umeme linauzwa duka kubwa la mji huohuo. Mfanye Jolteon, mpandishie levo kule Victory Road, ndio urudi kwa Lorelei. Ukimpiga tuandikie kwenye maoni, na wengine mtutajie sita wenu.