Sura ya Nne: Mwanafunzi wa Uzamili na Swali Lake

Mto Mubuku, magharibi mwa Uganda, hushuka kutoka milima ya Rwenzori hadi Ziwa George, na njiani maji yake huzungusha mitambo ya vituo vitatu vya umeme, kimojawapo kikiwa kile cha Bugoye chenye megawati 13, kilichoanza kazi mwaka 2009. Na kijana aliyekulia katika bonde hilo, akahitimu shahada ya kwanza ya kompyuta, aghalabu hutamani shahada ya uzamili ya usalama wa mitandao bila ya kutambua kwamba maudhui ya tasnifu yake yapo jirani na kwao.

Yapasa kwanza tuifahamu shahada yenyewe, maana wengi huidhania kuwa ni mkusanyo wa hila za kuwazuia wadukuzi. Hila hufundishwa, naam, ila huchakaa upesi, na mwenye kuzitaka hizo tu aweza kuzipata katika kozi fupi kwa gharama nafuu. Ilmu ya uzamili huchimba chini zaidi: hisabati ya usimbaji fiche, sheria, tabia ya mwanadamu anayehadaika, na adabu ya utafiti. Nasaba yake ni ya kale, kwani al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya tisa, aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi zinazotokea mara kwa mara. Walakini kuitunukia shahada ni jambo la juzi, na Royal Holloway, katika Chuo Kikuu cha London, ambako mafunzo hayo yalianza mwaka 1992, huhesabiwa miongoni mwa watangulizi.

Leo si lazima kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Strathmore cha Nairobi kinayo shahada ya uzamili ya usalama wa mifumo ya habari, na tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon lipo Kigali.

Lililo zito ni swali la utafiti, na hapo ndipo ninapowasihi vijana wasiazime swali la watu wengine. Mwezi wa Desemba 2015, huko Ukraine, wadukuzi walioanza kwa kutuma barua pepe za hadaa waliingia katika mifumo ya kampuni za umeme, wakazima vituo kwa mbali, na wateja wapatao 225,000 wakakaa gizani kwa muda wa saa kadhaa. Lau mwanafunzi wa Kasese, wilaya ya bonde hilo la Mubuku, angeuliza ni nani awezaye kuifikia mitambo ya kituo kidogo cha bondeni, kwa njia ipi, na mafundi wachache waliopo wangeirudishaje kazini kwa mikono, angekuwa na tasnifu yenye manufaa kwa kila mto wa milimani unaozalisha umeme.

Bwera nako, mji wa wilaya hiyo ulio mpakani na Kongo, kuna swali lake, nalo ni la pesa za simu. Mwezi wa Oktoba 2020 mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies, uliounganisha mabenki na kampuni za simu za Uganda, uliingiliwa na wezi, na huduma za kuhamisha pesa baina ya benki na simu zikasimama. Wizi wa namna hiyo hupita katika mashine. Mwingine hupita sikioni, kwa mtu anayepiga simu na kuomba namba ya siri kwa sauti ya upole. Basi onyo lililoandikwa kwa Kiingereza lamfaa nini mama auzaye maharage katika soko la Mpondwe, ambaye hununua kwa lugha ya Lhukonzo na kupatana na mteja wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kwa Kiswahili? Hilo, kwa maoni yangu, lastahiki miaka miwili ya msomi.

Hata hivyo, kabla ya kugusa mtambo wa mtu au kukusanya habari za wateja, sharti mwanafunzi apate idhini ya maandishi ya mwenye mali na ya kamati ya maadili ya chuo, kwa kuwa Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamhesabu aingiaye bila ruhusa kuwa mkosaji, na Sheria ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 humtaka aliyechukua habari za mtu azitunze kama amana. Idhini hizo huchelewa, kwa hiyo na aziombe katika muhula wa kwanza.