Mficha Maradhi na Benchi la Nyeri

WAZEE wetu wa pwani walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii nimeisikia tangu utotoni mwangu Mombasa, nikaitumia kuwasuta wengine, na kwa miaka sita haikunipitia akilini kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisemwa. Nilikuwa na ugonjwa wa sukari, na hakuna aliyejua ila mke wangu na daktari aliyenipima. Katika maulidi nilikula halua kama wenzangu. Katika arusi nilikula biriani na kunywa sharubati, kisha nikarudi nyumbani kujidunga sindano ya insulini mlango ukiwa umefungwa. Niliona kusema ni aibu, na zaidi ya aibu, niliona ni kama kumlalamikia Mwenyezi Mungu kwa alilonikadiria.

Ndugu msomaji, leo napenda kukueleza jinsi nilivyojifunza kusema, na mahali nilipojifunzia. Si Mombasa wala Lamu. Ni Nyeri, mji ulio kando ya Mlima Kenya, yapata kilomita 150 kutoka Nairobi, ambako asubuhi za mwezi wa Julai ukungu hushuka hata usimtambue mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Huko nilikwenda kwa biashara ya nguo. Wengi wetu hudhani kwamba ukishapanda bara umewaacha Waislamu nyuma. Sivyo. Nyeri iko Majengo, na Nanyuki iko Majengo, mitaa ya zamani ambako adhana husikika na Kiswahili huzungumzwa barazani. Nilipanga chumba Majengo, nikapata duka dogo karibu na soko, na siri yangu nikaja nayo.

Mkono wa jirani

Ramadhani ya kwanza nilifunga bila kumwuliza daktari wala shehe. Sindano nilijidunga alfajiri kwa kipimo kile kile cha siku zote. Siku ya tisa, baada ya swala ya adhuhuri, jasho jembamba lilinitoka ilhali hewa ilikuwa baridi, mikono ikatetemeka, na maneno yakanipotea kinywani. Wapita njia walidhani nimelewa. Aliyenitambua ni jirani yangu, mama wa Kikikuyu auzaye viazi, ambaye marehemu mama yake alikuwa na maradhi hayo hayo. Alikimbia kibandani, akachota sukari, akanitia mdomoni.

Basi saumu yangu ilivunjwa na mkono wa jirani asiyefunga, na mkono huo ndio ulionirudishia uhai kwa uwezo wa Mola. Shehe mmoja wa Majengo nilipomweleza alinikemea kwa upole. Aliniambia kuwa Kitabu chenyewe kimempa mgonjwa ruhusa, na kwamba asiyetarajiwa kupona ana njia ya fidia, kumlisha maskini kwa kila siku aliyokula. "Ruhusa ya Mungu ni zawadi," alisema. "Nani amekufundisha kuirudisha?"

Jirani naye hakuniacha. Wiki iliyofuata alinishika mkono mpaka kwenye kliniki ya wagonjwa wa sukari katika hospitali moja ya umma ya miji hii ya mlimani. Jina la hospitali hiyo sitalitaja, kwani ninayoyasema yangeweza kutokea katika hospitali nyingi za nchi yetu.

Benchini

Kliniki yetu ilikuwa siku moja kwa wiki. Tuliagizwa tuje bila kula, ili damu ipimwe tumbo likiwa tupu. Watu walitoka majumbani gizani, wengine wakipanda matatu mbili, wakafika saa kumi na mbili za asubuhi. Lakini mpimaji alianza kazi saa nne. Kwa mgonjwa wa sukari, saa nne za kungoja bila chakula si jambo dogo. Niliona mzee akiteleza kutoka benchini kama gunia lililofunguka. Tena baada ya kupimwa tulikwenda kwenye dirisha la dawa, na siku nyingi jibu lilikuwa moja: "Hakuna. Kanunueni nje."

Nilikaa pembeni nikinyamaza. Ajuza mmoja muuza nduma, ambaye wote walimwita cucu, yaani bibi kwa Kikikuyu, akanigeukia.

"Wewe Mswahili, mbona umekaa kama mgeni aliyekosea matanga? Una sukari au huna?"

"Ninayo, mama."

"Miaka mingapi?"

"Sita."

"Na nani anajua?"

Nilikosa jibu. Akacheka, akavua kiatu, akanionyesha mguu wake uliokatwa vidole viwili. Akasema kwamba kidonda kilianza kama pele, naye akakificha kwa haya mpaka kikaoza. "Hivi vidole nilivinyamazia," alisema. Maneno hayo yaliniingia kuliko hotuba zote za madaktari.

Hapo nikaanza kusikiliza. Kila mtu benchini alikuwa na kisa, na kila kisa kilikuwa na faida kwa mwenzake. Mkulima wa mpunga kutoka Mwea, ambako kuna joto kuliko Nyeri, hakuwa na friji, akalalamika kuwa insulini yake huharibika. Kwa mara ya kwanza nilifungua kinywa. Nilimweleza jinsi sisi watu wa pwani tunavyopozea maji kwa mtungi wa udongo, na kwamba chupa ya dawa ikifungwa vizuri isiingie maji, ikawekwa ndani ya mtungi uliotiwa maji kidogo kivulini, hupata ubaridi wa kuihifadhi. Mwezi uliofuata alinijia akicheka, mtungi ameshaununua.

Daftari

Pamoja nasi alikuwako mwalimu mstaafu. Siku moja, dirisha la dawa lilipofungwa tena na watu wakaanza kupiga kelele, aliwanyamazisha. "Kelele hizi tumepiga mwaka mzima," alisema, "na kila mwezi tunaanza upya. Kilio hakina tarehe. Tuandike." Akatoa daftari la shule la kurasa 96.

Kila mmoja alieleza yake, mwalimu akaandika: siku aliyokuja, saa aliyofika, saa aliyopimwa, dawa aliyokosa, pesa alizotumia kuinunua nje, na kilichompata alipokosa pesa hizo. Tulikubaliana masharti matatu. Mtu asimsemee mwenzake bila ruhusa, maana maradhi ya mtu ni amana. Asiyetaka jina lake liandikwe aandikwe kwa umri na mahali atokako tu. Na wauguzi nao waulizwe, wasije wakafanywa adui. Kweli tulipowauliza tuligundua kuwa wanaumia kama sisi. Muuguzi mmoja alikuwa akihudumia chumba ambacho kingetaka watatu. Nao ndio waliotufahamisha kwamba kaunti huagiza dawa kwa shirika la serikali la KEMSA, na deni likikaa bila kulipwa, dawa nazo hukawia. Kumbe tuliyekuwa tukimgombeza dirishani hakuwa na ufunguo wa ghala.

Baada ya miezi minne mwalimu, cucu, na mimi tulilipeleka daftari kwa wasimamizi wa hospitali. Sikupenda kwenda, lakini cucu alisema Mswahili ana ulimi mzuri, aende. Nilisoma kisa changu mwenyewe, cha siku ile ya Ramadhani, mbele ya watu nisiowajua. Sauti ilitetemeka. Nilipomaliza niliona kwamba paa halikuanguka.

Matokeo yalikuwa ya wastani, na sitayatia chumvi. Kupima damu kukaanza saa moja za asubuhi. Ubao ukatundikwa nje ya dirisha kuonyesha dawa zilizopo na zisizokuwapo, ili mtu asipange foleni bure. Barua yetu ikapelekwa kwa wakuu wa afya wa kaunti. Insulini bado hukosekana mara kwa mara. Lakini tangu siku ile sikuona tena mzee akianguka benchini kwa njaa.

Haki iliyoandikwa

Wako watakaosema kwamba mgonjwa wa hospitali ya umma ni mwombaji, na mwombaji hachagui. Hilo si kweli. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 37 kinampa haki ya kupeleka malalamiko yake kwa wenye mamlaka. Mwaka 2013 Wizara ya Afya ilitoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa, na humo imo haki ya kulalamika na kusikilizwa.

Tena Nyeri ina habari yake katika jambo hili. Tarehe 13 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mjini Kisumu majaribio ya mpango wa afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya wingi wa maradhi yasiyoambukiza, yakiwamo sukari na shinikizo la damu. Wenyeji waliandikishwa, wakatibiwa katika hospitali za kaunti bila kulipa. Wenzangu wa benchini waliyakumbuka majaribio hayo kwa mambo mawili: furaha ya kutolipa, na foleni zilizorefuka huku dawa zikiisha upesi. Tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF iliondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo mwenye mshahara huchangia asilimia 2.75 ya mapato yake. Serikali hubadili majina na kadi. Anayejua kama kadi imemfikisha kwenye dawa ni mgonjwa, naye asiposema, mabwana watahesabu kadi tu.

Wala sisi si wa kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ukimwi ulipokuwa ukitajwa kwa kunong'ona, Joe Muriuki alikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kujitokeza hadharani na kusema anaishi na virusi. Asunta Wagura naye alijitokeza, na mwaka 1993 akaanzisha na wenzake chama cha wanawake wanaoishi na virusi hivyo. Walitengwa na wakatukanwa. Lakini mwaka 2009 Wakenya watatu wanaoishi na virusi waliishtaki serikali, wakihofia kuwa sheria ya mwaka 2008 ya kupinga bidhaa bandia ingezuia dawa za bei nafuu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki ya mgonjwa ya kuishi hutangulia mbele ya haki ya mwenye hataza. Jaji hakuwa na la kupima kama wagonjwa wale wangekaa kimya majumbani mwao.

Subira na ulimi

Niliporudi Mombasa kwa Idi nilimsimulia kaka yangu mkubwa mambo haya. Hakufurahi. "Mdogo wangu," aliniambia, "Nabii Yakubu alipompoteza mwanawe alimshtakia Mungu peke yake. Wewe unakwenda kutangaza sukari yako kwa Wakikuyu?"

Nilimjibu kwa adabu, maana ni mkubwa wangu. "Kaka, Nabii Ayubu ndiye tunayempigia mfano wa subira, naye alitamka kwamba dhara imempata. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alituhimiza kutafuta dawa. Nitaitafuta vipi nisiposema ninachoumwa? Mimi simshtaki Mungu. Namkumbusha mtu aliyepewa ufunguo wa ghala."

Akanyamaza. Sahani ya halua ikaletwa, nami nikaisogeza mbele, nikasema wazi kwamba sili kwa sababu nina ugonjwa wa sukari. Shemeji aliyekuwa ameshakunja tonge akalirudisha sahanini polepole. "Hata mimi," alisema. Kaka hakutia neno, lakini niliona naye hakula.

Ndugu yangu msomaji wa pwani, haya tunayo, na haya ni sehemu ya imani. Lakini haya ya kufunika aibu si sawa na haya ya kufunika kidonda. Ukiwa unaumwa, mwambie aliye karibu nawe, ili siku ya kuanguka ajue la kukutia mdomoni. Kabla Ramadhani haijaandama, mwone daktari wako na shehe wako, usianze na mmoja ukamwacha mwingine. Na ukienda hospitali usiende mikono mitupu. Nunua daftari, andika tarehe, saa, na dawa uliyokosa, kisha mwulize aliyeketi kando yako naye ana nini cha kuandika.