Kwa nini kompyuta haiamini stika ya kaseti ya data

Februari 27, 2011, baadhi ya watumiaji wa Gmail walifungua akaunti zao na kukuta patupu. Barua pepe za miaka mingi, hakuna hata moja. Google ilisema walioathirika walikuwa asilimia 0.02 ya watumiaji wote, na chanzo kilikuwa hitilafu iliyoletwa na apdeti ya programu ya kuhifadhi data.

Barua hizo zilirudi, na aliyeziokoa ni mzee wa kazi: kanda ya sumaku, ndugu wa ile iliyokuwa ndani ya kaseti za muziki. Hitilafu iligusa nakala kadhaa zilizokuwa kwenye seva kwa wakati mmoja. Kanda zilikuwa nje ya mtandao, hivyo hazikuguswa.

Kumbe bado zinatumika?

Ndiyo, tena sana. Kaseti moja ya aina ya LTO-9, inayoshikika kwa mkono mmoja, inabeba terabaiti 18 bila data kubanwa. Hiyo ni sawa na simu 140 hivi zenye nafasi ya GB 128.

Shida ni kwamba kwa macho kaseti hizi zote zinafanana. Ndiyo maana kila moja hubandikwa stika ya barkodi, ile mistari myeusi kama ya bidhaa za supamaketi. Kwa LTO, stika huwa na herufi na tarakimu nane: sita za mwanzo ni jina la kaseti, mbili za mwisho zinaonyesha aina yake, mfano 000123L9. Roboti inayopanga kaseti huisoma chapchap.

Lakini stika ni karatasi tu. Inaweza kubanduka au kubandikwa kwenye kaseti isiyo yake. Na pasipo na roboti, mtu aliyechoka usiku anaweza kuchomeka kaseti ya Jumanne badala ya ile ya Jumatano.

Kosa dogo, hasara kubwa

Kwenye kanda, data hupangwa kwa mstari kuanzia mwanzo. Ukiandika kitu kipya pale mwanzoni, hata kiwe kidogo namna gani, mashine inaweka alama mpya ya "data imeishia hapa". Vyote vilivyo mbele ya alama hiyo havifikiki tena kwa njia ya kawaida, hata kama bado vipo kwenye kanda.

Yaani sekunde chache za kuandika kwenye kaseti isiyo sahihi zinatosha kupoteza terabaiti nzima.

Jina lililo ndani

Kwa hiyo programu za nakala rudufu haziishii kwenye stika. Kaseti mpya ikianza kutumika, programu huandika jina lake kwenye kanda yenyewe, pale mwanzoni kabisa. Kwenye kompyuta kubwa za IBM, jina hilo hukaa kwenye rekodi ya herufi 80 inayoanza na VOL1, ikifuatiwa na jina la herufi sita. Programu kama Amanda na Bacula zina mtindo wao, ila wazo ni lilelile.

Kaseti ikichomekwa, ukaguzi huenda hivi:

1. Kanda inarudishwa mwanzo na jina la ndani linasomwa.
2. Jina hilo linalinganishwa na orodha ya kaseti ambayo programu inaitunza.
3. Programu inaangalia kama muda wa kutunza data iliyomo umekwisha, au kama bado kuna nafasi ya kuongezea.
4. Yote yakiwa sawa, ndipo inaandika.

Wakati wa kurejesha data pia jina husomwa kwanza, ili mtu asiletewe faili za kaseti nyingine.

Majina yasipolingana?

Bacula inasimama na kumwomba mhusika aweke kaseti sahihi. Amanda, ikiwa imepangwa hivyo, inaweza kuweka nakala za usiku huo kwenye diski kwa muda, halafu zikahamishiwa kwenye kanda kaseti sahihi ikipatikana.

Kaseti isiyo na jina inayolijua pia ni ya kutilia shaka. Inaweza kuwa mpya, lakini inaweza pia kuwa ya mfumo mwingine, imejaa data ya watu ambayo programu haiwezi kuielewa. Salama ni kuikataa mpaka mtu aithibitishe.

Ipo amri ya kulazimisha, na hapo ulinzi wote unakwisha. Programu imeshauliza "una uhakika?", na aliyejibu ndiyo ni binadamu.

Hata kwa flashi au kadi ya kumbukumbu iliyoandikwa "tupu" kwa kalamu, kabla ya kuiformati, ifungue kwanza uone kilichomo.