Meza ya Dijitali ya Kuchanganyia Sauti: Maelezo kwa Vikundi vya Utamaduni na Mafundi Mitambo

Katika maonyesho ambayo vikundi vingi hupanda jukwaa moja kwa usiku mmoja, malalamiko yanayoletwa baada ya shughuli aghlabu huwa ya aina moja: kikundi fulani kilisikika vizuri na kingine hakikusikika. Lawama huelekezwa kwa fundi mitambo kwamba amependelea. Inafaa ieleweke kwamba mara nyingi hapana upendeleo wowote, bali fundi amekiacha kikundi cha pili kipite katika matengenezo aliyoyafanya kwa ajili ya kikundi cha kwanza. Maelezo haya yanatolewa kwa faida ya vikundi vya Visiwani, na vilevile vya ndugu zetu wa Bara, hususan wa wilaya za Mbulu na Hanang katika Mkoa wa Manyara, ambao ngoma zao hazikuzaliwa mbele ya spika.

Zanzibar inalo funzo la karibu katika jambo hili. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, na kwa miaka mingi jukwaa lake kuu limekuwa ndani ya Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Tamasha hilo limeshikilia kwamba muziki upigwe moja kwa moja na wanamuziki wenyewe, si kuimba juu ya kanda. Kwa hiyo taarab asilia yenye fidla, ganuni, udi, nai na akodioni inaweza kufuatwa na ngoma ya asili, na ngoma ikafuatwa na bendi yenye magitaa ya umeme na seti kamili ya dramu. Baina ya kikundi kimoja na kingine muda ni mchache, na watazamaji wamekwisha lipa viingilio vyao.

Kwa meza ya zamani, fundi alikuwa na kifundo kimoja kwa kila kazi. Meza yenye chaneli 32 huwa na mamia ya vifundo, na kila kikundi kilipoteremka ilimpasa avirudishe kimoja kimoja kwa kufuata karatasi aliyoiandika mchana, tena gizani. Kifundo kimoja kikisahauliwa, mwimbaji anayefuata hulipia.

Meza ya dijitali hufanya kazi kwa njia nyingine. Sauti inapoingia hupimwa, kwa kawaida mara 48,000 katika kila sekunde, na kila kipimo kikageuzwa kuwa nambari. Tangu hapo kupandisha sauti, kupunguza besi au kuongeza mwangwi ni hesabu tu. Na maadamu mipangilio yote ni nambari, inaweza kuhifadhiwa na kurudishwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Mafundi huiita mipangilio hiyo iliyohifadhiwa "sini", yaani picha ya meza nzima ilivyokuwa wakati fulani. Meza kubwa za namna hii, kama Yamaha PM1D, zilianza kutumika katika maonyesho makubwa ya dunia mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa bei isiyofikiwa na kikundi wala halmashauri. Mambo yalibadilika kwa kiasi kikubwa mwaka 2012 ilipotoka Behringer X32, ambayo bei yake ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya zile za mwanzo. Waya mmoja wa mtandao sasa huchukua kazi ya ule mkonga mnene wa nyaya uliokuwa ukibebwa na watu wawili kutoka jukwaani hadi mezani.

Hata hivyo sini ina hatari zake, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Sini ikirudishwa hurudisha kila kitu, pamoja na yale ambayo fundi hakuyataka. Maikrofoni ya mshereheshaji iliyokuwa ikifanya kazi huweza kuzimika katikati ya salamu zake kwa mgeni rasmi. Kwa sababu hiyo meza hizi zina sehemu ya kulinda chaneli zisiguswe na sini. Chaneli ya mshereheshaji ilindwe, na spika kuu zilindwe, kabla ya jambo lolote. Aidha, mara nyingi meza ya mbele na spika za wanamuziki jukwaani hutumia nguvu moja ya kuingilia. Fundi wa mbele akiipandisha ili watazamaji wasikie, na spika za jukwaani hupanda papo hapo. Maikrofoni ikausikia mlio wa spika na kuurudisha, na mluzi mkali ukatoka. Nguvu ya kuingilia iwekwe mchana, kisha iachwe. Usiku fundi atumie vitelezi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi waliotoka katika meza za zamani hulichukulia kwa wepesi. Meza za zamani zilipozidiwa, sauti ilikwaruza kidogo na watu walivumilia. Katika nambari kipo kikomo, na kikivukwa sauti hukatika kwa namna mbaya sana. Inafaa sauti ya kawaida ikae takriban desibeli 18 chini ya kikomo hicho, ili nafasi ibakie kwa yule mwimbaji ambaye mchana alijaribu kwa sauti ya chini na usiku anapaza roho yake yote.

Sasa tuziangalie Mbulu na Hanang. Eneo hilo ni katika sehemu chache mno za Afrika ambako jamaa nne za lugha za bara hili hukutana: Wairaki ambao lugha yao ni ya Kikushi, Wabarbaigi wa jamii ya Datoga wenye lugha ya Kiniloti, Wahadzabe wa bonde la Yaeda ambao usemi wao una vidoko, na majirani wao wasemao lugha za Kibantu. Maonyesho yanayowakusanya Katesh au Mbulu mjini ni maonyesho ya vikundi vingi kwa maana kamili ya neno. Wahadzabe huimba kwa pamoja kwa sauti zinazopishana na kufungamana. Wabarbaigi huimba na kuruka, na bangili za shaba za wanawake wao nazo hulia. Wageni wengi hudhani mlio huo ni kelele ya kuondolewa. Wenye ngoma hawasemi hivyo.

Ikiwa kikundi kama hicho kitapanda baada ya bendi, na fundi asibadilishe sini, madhara yatatokea kwa utaratibu ufuatao. Dramu za bendi huwekewa kile kinachoitwa lango, ambacho hufunga maikrofoni sauti inapokuwa ndogo na kuifungua inapopigwa kwa nguvu. Lango hilo likiachwa, sauti laini ya zeze au ya mwimbaji mzee haitoshi kulifungua, nayo haitoki kabisa. Kadhalika kibanio kilichowekwa kumzuia mpiga gita humbana mwitikiaji. Watazamaji huona midomo ikienda na kusikia nusu ya wimbo. Wazee waliosafiri siku nzima hurudi kwao wakiamini kwamba ngoma yao haikupendwa.

Dawa yake si ghali. Kikundi cha kuimba kipewe maikrofoni chache nyeti, tatu au nne, zilizosimamishwa mbele ya duara lao, bila lango na bila kibanio. Ikumbukwe kwamba maikrofoni za aina hiyo huhitaji umeme wa volti 48 kutoka mezani, na umeme huo nao huhifadhiwa katika sini. Sauti za chini ya hezi 100 zikatwe, maana upepo wa nyanda za juu, kama upepo wa Forodhani, huingia katika maikrofoni na kunguruma. Miguu inayokanyaga ardhi iwekewe maikrofoni yake peke yake, ili isipotee pamoja na upepo.

Majaribio ya mchana yafanywe kwa kurudi nyuma: kikundi cha mwisho kijaribu kwanza, na cha kwanza kijaribu mwisho, vyombo vyake vibakie mahali pake hadi usiku. Kila kimoja kikimaliza, sini yake ihifadhiwe kwa jina la kikundi, na nakala itiwe katika kidude cha kuhifadhia kumbukumbu.

Uwanja ukiwa mrefu na spika za ziada zimewekwa nyuma, zicheleweshwe. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, hivyo spika iliyo mita 40 kutoka jukwaani icheleweshwe kiasi cha milisekunde 117. Isipofanywa hivyo, walio nyuma husikia kila neno mara mbili.

Kuhusu umeme, meza hizi ni kompyuta. Umeme ukikatika kwa sekunde moja tu, meza huzimika na kulazimika kuwaka upya, na wakati huo jukwaa zima liko kimya. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, na tamasha la Februari 2010 lilifanyika kwa jenereta. Wanaokumbuka siku zile hawahitaji maelezo. Betri ya akiba kwa meza na kisanduku cha jukwaani ni ya lazima Katesh kama ilivyo Mji Mkongwe, hata pale penye jenereta.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha sauti katika kumbi na maonyesho, kisichozidi wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15. Watoto hupenda kusimama karibu na spika, waondolewe hapo. Adhana inapoanza, vitelezi vyote vishushwe hadi imalizike.

Kikundi kinachotarajiwa kupanda jukwaani kinaombwa kumpelekea fundi, siku moja kabla, karatasi yenye idadi ya waimbaji, orodha ya vyombo, mahali atakaposimama kiongozi wa wimbo, na sauti ambayo kikundi hakitaki ipotee, hata ikiwa ni mlio wa bangili.