Mharibifu Alipona, Asiye na Kosa Akaangamia

MBAWAKAWA wa miwa na mnyama mdogo aitwaye kwoli hawakuwahi kugombana. Wote ni wenyeji wa kaskazini mwa Australia, lakini kila mmoja ana maisha yake.

Mbawakawa huyo hula mimea tu. Akiwa buu huishi chini ya udongo akitafuna mizizi ya miwa hadi shina linaanguka. Akikomaa huruka juu ya miti na kula majani.

Kwoli ni wa kundi la marsupialia, kama alivyo kanguruu, ingawa ni mdogo kuliko paka wa nyumbani. Ana manyoya ya kahawia yenye madoa meupe. Usiku hutoka kuwinda wadudu, mijusi, panya na vyura.

Kilichowakutanisha ni uamuzi wa binadamu. Mwaka 1935, wakulima wa Queensland wakilia na hasara, vyura wakubwa wapatao 100 waliletwa kutoka Hawaii. Walizalishwa, na mwaka huohuo zaidi ya 2,000 wakaachiwa mashambani ili wawamalize mbawakawa.

Hesabu haikutimia. Chura huwinda chini, juu ya ardhi. Buu yuko ndani ya udongo, na mbawakawa mzima yuko juu ya mti. Miwa ikaendelea kuliwa, huku vyura wakizaliana na kusambaa maelfu ya kilomita.

Aliyelipa ni kwoli. Kwake chura ni kitoweo, lakini huyu mgeni ana sumu kali kwenye ngozi. Kwoli akimng'ata tu, anaweza kufa. Kila vyura walipofika, kwoli walipungua au kutoweka kabisa, na leo wamo katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Watafiti wamejaribu kuwafundisha kwa kuwapa soseji za nyama ya chura zenye dawa ya kichefuchefu. Anayeonja huugua kidogo, kisha humkwepa chura akikutana naye.

Funzo hili linafika hadi bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Kabla ya kunyunyiza dawa uliyoelekezwa na jirani, chunguza kwanza: mdudu anayekusumbua anakaa wapi, anatoka saa ngapi, na ni nani mwingine atakayekula dawa hiyo? Kuku? Nyuki? Au mtoto anayecheza hapo?